Meko ya kuni haipashi nyumba joto: je, feni itasaidia?

Kila Juni inapoingia na mawingu kutanda juu ya Nairobi wiki nzima bila jua kuchomoza, swali ni lile lile kutoka Karen, Lang'ata, Loresho hadi Limuru: "Moto nawasha, kuni zinaisha, na bado tunakaa na masweta. Nikiweka feni kwenye meko, si joto litafika hadi viti vya nyuma?" Wakati mwingine jibu ni ndiyo. Mara nyingi ni hapana, na pesa za feni zingefanya kazi kubwa zaidi zikienda kwenye kuni kavu au kwa fundi wa dohani.

Feni ya meko, au blowa kama mafundi wanavyoiita, ni mchukuzi, si mpishi. Haiongezi joto hata chembe. Inabeba joto ambalo chuma cha meko kimeshalishika na kulisukuma chumbani. Pasipo na chuma, haina cha kubeba.

Kwa hiyo tambua kwanza una meko ya aina gani. Nyumba nyingi za zamani zina meko ya wazi, imejengwa kwa mawe au matofali, haina mlango. Nyingine zimeingiziwa kasha la chuma lenye mlango wa kioo ndani ya ile ya mawe. Na wengine wana jiko la chuma linalosimama peke yake na bomba lake la moshi. Feni zinazouzwa kwa ajili ya meko zimetengenezewa hizi mbili za mwisho, hasa makasha yenye kuta mbili: moto hukaa ndani, na kati ya ukuta wa ndani na wa nje kuna nafasi ambamo hewa ya chumba hupita, ikiingia chini ikiwa baridi na kutoka juu ikiwa imepata moto. Feni huiharakisha hewa hiyo, basi. Hewa ya feni na hewa inayolisha moto hazipaswi kukutana popote, na karibu kila hatari nitakayoitaja huko chini inatokea pale zinapokutana.

Dalili: Moto unawaka vizuri, lakini chumba bado ni baridi

Haya ndiyo malalamiko makubwa kuliko yote. Ukikaa karibu magoti yanaungua, ukisogea mita tatu mgongo unaganda.

Sababu inayoongoza kwa mbali ni meko kuwa ya wazi. Meko ya namna hiyo huipa sebule takriban sehemu moja kati ya kumi ya joto la kuni. Lililobaki hupanda na dohani likaenda zake. Juu ya hayo, moto huvuta hewa nyingi kutoka chumbani, na pengo hilo hujazwa na hewa ya nje, ambayo usiku wa Julai huwa ya nyuzi 11 au 12. Jaribu hivi: moto ukiwa umekolea, chana utepe wa tishu wenye upana wa kidole, uushike mbele ya ufa ulio chini ya mlango wa sebule. Ukilala kuelekea ndani na kutetemeka bila kutulia, hiyo ndiyo baridi unayoinunua kwa kuni zako. Kisha nenda chumba cha kulala kilicho mbali zaidi. Si ajabu ukakuta kimekuwa baridi kuliko kabla hujawasha.

Feni haitibu hilo. Ukiielekeza kwenye moto wa wazi itapeperusha majivu, cheche na moshi hadi kwenye zulia, na ukiielekeza kwenye mawe utapata hewa vuguvugu kidogo tu. Kuna wavu wa kuwekea kuni uliotengenezwa kwa mabomba ya chuma yaliyopindwa, ambapo feni husukuma hewa ndani ya mabomba chini ya moto na kuitoa juu ikiwa imepata joto. Huo unasaidia kiasi. Lakini mabomba hayo yanakaa katikati ya makaa, na moto huyala polepole. Siku yatakapotoboka, feni itakuwa inayapuliza makaa yenyewe, na joto, cheche na gesi zitakuja chumbani. Kwa nyumba yenye watoto wadogo, mimi singeuweka. Aliye nao tayari aukague bomba kwa bomba kila msimu, moto ukiwa umezimika na majivu yamefagiliwa.

Sababu ya pili ni kuni mbichi, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo pesa nyingi zinapopotelea. Kuni zinazouzwa kando ya barabara mara nyingi ni mkaratusi, saiprasi au grevilia iliyokatwa majuzi. Mti uliokatwa karibuni unaweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake, na moto lazima uyachemshe maji hayo yote kabla ya kukupa wewe joto. Kuni zinazofaa zina unyevu usiozidi asilimia 20. Kipimo cha unyevu cha kubebeka mkononi, chenye sindano mbili, si ghali; pasua gogo kwanza, kisha choma sindano kwenye uso mpya wa ndani, kwa sababu ganda la nje hukauka mapema na litakudanganya. Kama huna kipimo, gonganisha vipande viwili: vilivyokauka hulia kwa sauti kali, vibichi hutoa sauti nzito ya kufa. Angalia ncha zake kama zina nyufa zinazotoka katikati kwenda nje. Na ukishaziweka motoni ukaona povu linachemka kwenye ncha huku likifoka fyuu, jua unapika maji.

Dawa yake ni kununua kuni za Julai mwezi wa Januari au kabla. Zipasue, zipange juu ya mbao au mawe zisiguse udongo, funika juu tu na uache pembeni wazi upepo upite. Miti laini kama saiprasi huhitaji miezi sita hivi, mkaratusi huweza kuhitaji mwaka. Turubai lililofunika rundo zima hadi chini linafungia unyevu ndani.

Tatu, kilango cha dohani, yaani kile kibamba cha chuma kinachofungua na kufunga njia ya moshi. Moto ukishakolea, kilango kilicho wazi kabisa hupitisha joto zaidi ya inavyohitajika kutoa moshi. Kirudishe kidogo kidogo hadi karibu na pale moshi unapotaka kuanza kuingia chumbani, kisha ukifungue tena kidogo. Usikifunge kabisa maadamu kuna kaa jekundu hata moja. Makaa yasiyotoa moshi ndiyo yanayotoa gesi ya sumu kwa wingi, na watu hukifunga usiku wakidhani moto umekwisha. Nyumba nyingi hazina kilango chochote, na hapo joto la nyumba linapanda na dohani usiku na mchana, hata siku ambazo moto haukuwashwa.

Nne, umbo. Meko yenye kina kirefu na kuta za pembeni zilizosimama mraba hulificha joto ndani. Benjamin Thompson, maarufu kama Count Rumford, alilionyesha hili miaka ya 1790: alizifanya meko ziwe na kina kifupi, kuta za pembeni akazilaza kwa nje ili zirushe joto chumbani, na koo la dohani akalibana. Fundi mzuri wa mawe anaweza kujenga upya ndani ya meko yako kwa matofali ya moto akifuata umbo hilo. Ni kazi kubwa, lakini haitumii stima wala haina cha kuharibika. Njia rahisi zaidi ni bamba zito la chuma cha kusubu lililosimamishwa nyuma ya moto. Hushika joto na kulirudisha mbele.

Mwisho kabisa ni chumba chenyewe. Paa la vigae bila chochote cha kuzuia joto, ngazi za ghorofa zilizo wazi, madirisha ya kioo kimoja: hapo hata meko bora itahangaika. Mapazia mazito na mlango wa kufunga ngazi vinaweza kufanya mengi kuliko feni.

Kama umeshakausha kuni, umerekebisha kilango na bado unataka sebule nzima ipate joto, kinachofuata ni kasha la chuma lenye mlango wa kioo, pamoja na bomba la chuma linalotoka kwenye kasha hilo hadi kileleni mwa dohani. Makasha mazuri ya kisasa hutoa chumbani zaidi ya asilimia 70 ya joto la kuni. Feni ni nyongeza ya kasha hilo, na unaweza kungoja msimu mmoja uone kama unaihitaji kweli. Usikubali fundi akuambie bomba la ndani si lazima "kwa sababu dohani ipo." Moshi wa kasha ni mchache na umepoa, ukiachwa kwenye dohani kubwa ya mawe unaganda njiani na kuacha kreosoti, ile lami nyeusi inayowaka kama petroli siku ikishika moto.

Dalili: Kasha au jiko la chuma ni moto sana, lakini joto limekwama pale pale

Hapa sasa feni ina kazi. Chuma kinaunguza, kona ya mbele haikaliki, na meza ya chakula iko kwenye baridi.

Kabla ya kununua, fanya jaribio lisilogharimu kitu. Chukua feni ya kawaida ya mezani, uiweke sakafuni kwenye mlango wa chumba kilicho baridi, uielekeze upande wa meko, mwendo wa chini kabisa. Inaonekana kinyume, lakini hewa baridi ni nzito na hukaa chini. Ukiisukuma kuelekea meko, ile ya moto inayoelea darini italazimika kurudi upande wa pili kuchukua nafasi yake. Weka mbali na meko, isipulize moto wenyewe. Kama baada ya saa moja tofauti inaonekana, huenda huhitaji kitu kingine. Feni ya darini ikizungushwa taratibu hufanya kazi hiyo pia, mradi isivute moshi nje ya meko.

Kama bado unataka feni ya meko, chunguza kasha lako. Tafuta upenyo chini na mwingine juu ya mlango. Moto ukiwa umekolea, shika ule utepe wa tishu mbele ya upenyo wa chini: ukivutwa ndani, na ule wa juu ukisukumwa nje, njia ya hewa ipo na inafanya kazi hata bila feni. Kama hakuna upenyo wowote, kasha lina ukuta mmoja, na feni ya kufungwa nyuma haitakuwa na pa kupita. Usikubali mtu akutobolee kasha ili kuingiza hewa. Kwa jiko linalosimama peke yake, kuna feni ndogo zinazowekwa juu ya bamba na kuzungushwa na joto lenyewe, bila stima. Nguvu yake ni ndogo, ila zinatosha chumba kimoja na hazina waya.

Halafu stima. Feni nyingi za meko zinazoagizwa au kuletwa kwenye sanduku la jamaa kutoka Marekani ni za volti 120 na hezi 60 (hezi ni mizunguko ya umeme kwa sekunde). Kwetu ni volti 240, hezi 50. Ukiichomeka moja kwa moja, mota inaungua papo hapo. Transfoma ya kushusha volti inaponya nusu tu ya tatizo: hezi zinabaki 50, mota inazunguka polepole kuliko ilivyopangwa na inapata joto zaidi, mahali ambapo tayari kuna moto. Tafuta feni iliyoandikwa 220–240 V, 50 Hz, na iliyotajwa na mtengenezaji wa kasha lako. Kuhusu gharama ya kuiendesha, usiwe na wasiwasi: feni ya wati 60 ikizunguka saa tano inatumia yuniti 0.3 za tokeni.

Dalili: Moshi unaingia sebuleni

Nasema hili bila kuzunguka: usinunue feni kwa ajili ya kuondoa moshi. Meko inayotoa moshi ndani ina ugonjwa wa dohani au wa hewa, na feni itausambaza moshi huo nyumba nzima.

Anza na yaliyo rahisi. Kilango kiko wazi? Dohani ni baridi? Asubuhi ya baridi hewa nzito hukaa ndani ya dohani kama kizibo. Viringisha gazeti, liwashe, ulishike karibu na koo la dohani kwa dakika moja hadi uhisi mvuto, ndipo uwashe kuni. Kuni ni mbichi? Rudi juu.

Kisha fungua dirisha lililo karibu kwa upana wa vidole viwili. Moshi ukikoma, nyumba ina njaa ya hewa. Hili Nairobi ni la kawaida kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu ya jambo moja: zile nyumba za zamani zilijengwa na matundu ya hewa juu ya madirisha, na kila Julai watu huyaziba kwa magazeti, plastiki au mbao ili kuzuia baridi. Moto unaendelea kuhitaji hewa, na ukikosa pa kuivuta unaivuta kupitia dohani yenyewe, moshi ukishuka nayo. Matundu ya sebule yenye meko yaache wazi. Angalia pia feni ya kuvuta mvuke jikoni. Ikiwa na nguvu huishinda dohani, hasa milango ikiwa imeachwa wazi.

Kama dirisha wazi halikubadilisha kitu, tatizo liko juu. Dohani iliyokaa miezi tisa bila moto ni makao mazuri ya ndege, na hata ya nyuki. Tumia tochi na kioo kutazama kutoka chini. Unapaswa kuona anga. Ukisikia mvumo, acha, usiwashe moto "kuwafukuza." Nta na asali vikishuka vinashika moto, na kundi lililokasirika litashukia sebuleni. Mtafute mfugaji wa nyuki kwanza.

Baada ya hapo kuna urefu na majirani. Kanuni inayotumika Marekani inafaa hata hapa: kilele cha dohani kipite paa kwa sentimita 90 pale kinapotokea, na kiwe juu kwa sentimita 60 kuliko kitu chochote kilicho ndani ya mita 3. Kumbuka pia kwamba Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na Limuru iko juu zaidi. Hewa yetu ni nyembamba kwa takriban asilimia 20 kuliko ya pwani, na mvuto wa dohani hupungua nayo. Dohani iliyochorwa kwa vipimo vya nyumba ya Ulaya iliyo karibu na bahari itavuta kwa udhaifu hapa, kwa hiyo sisi ndio wa kuongeza urefu, si wa kupunguza. Na kama moshi ulianza mwaka ule ghorofa ilipopanda ng'ambo ya ua, kama inavyotokea Kileleshwa na Lavington, usilaumu kuni. Jengo refu hugeuza upepo na kuusukuma ushuke kwenye dohani. Kofia ya kukinga upepo, au kurefusha bomba, huweza kusaidia. Nyumba nyingine hazina dawa zaidi ya kufunga meko na kutumia njia nyingine.

Moshi ulioanza baada ya kufunga feni ni jambo tofauti, na ni zito. Izime feni. Moshi ukikoma, kuna ufa au kiungo kilichoachia kati ya njia ya hewa na chumba cha moto, na feni inauvuta moshi kupitia hapo. Usiitumie meko hiyo tena hadi kasha likaguliwe na fundi.

Acha kila kitu na utoke nje ikiwa watu waliokaa sebuleni wanaumwa kichwa, wana kizunguzungu au kichefuchefu, na wanapata nafuu wakitoka. Kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, na huhitaji kuona moshi ndipo ikuue. Toka na watoto na wazee, usirudi ndani kuzima moto, piga 999 au 112, na waende hospitali hata kama wanasema wamepona. King'ora cha gesi hiyo kiwe katika kila nyumba yenye meko, na kingine karibu na vyumba vya kulala. Nawaomba pia, meko ikishindwa kupasha joto, msiingize jiko la makaa chumbani kuisaidia. Kila msimu wa baridi kuna familia hapa Kenya zinazolala na jiko na haziamki.

Dalili: Feni imefungwa, haizunguki

Mara nyingi haijaharibika. Feni nyingi zina swichi ya joto iliyobandikwa chini au kando ya kasha, inayoiwasha chuma kikifika nyuzi 45 hivi na kuizima kikipoa. Ngoja nusu saa moto ukolee. Isipowaka, angalia plagi na soketi kwa kuchomeka kitu kingine, kisha swichi ya usalama kwenye boksi la stima. Kisha, plagi ikiwa imetolewa na meko imepoa, tazama kama swichi ya joto imebanduka. Nyingi hushikwa na sumaku na huanguka mtu akifagia majivu. Zungusha pangaboi kwa kidole: likikwama, lina vumbi, majivu au nywele za paka. Safisha kwa brashi laini na kivuta-vumbi, usitumie maji.

Kama linazunguka bila shida kwa kidole lakini stima haliitikii, mota au waya umeungua. Hapo ni kazi ya fundi wa stima. Na ikiwa swichi ya usalama inaanguka kila unapoichomeka, usiirudishe mara ya pili.

Dalili: Feni inapuliza, hewa ni baridi

Umeiwasha mapema mno, au kasi ni kubwa kuliko moto. Feni inayopuliza kwenye kasha ambalo bado halijakolea inakipoza chuma, moshi unapoa, na kreosoti inaanza kujijenga. Iache hadi moto uwe umeshika vizuri, kisha anza na mwendo wa chini. Kuni mbichi huleta dalili hii hii, na huko kuongeza kasi ya feni ndiko kunakoharibu zaidi. Kuna mafundi ambao huiondoa swichi ya joto na kuiunganisha feni moja kwa moja "ili iwake haraka", mwambie airudishe.

Dalili: Kelele, au harufu

Mngurumo wa taratibu kwa kawaida ni vumbi lililokaa upande mmoja wa pangaboi, au skrubu zilizolegea. Safisha, kaza, weka vipande vya mpira unaohimili joto chini ya miguu yake. Mlio wa kukwaruza ni beringi, na kwa feni ndogo ni nafuu kubadilisha kitu kizima.

Harufu ya rangi kwenye moto wa kwanza wa kasha jipya ni ya kawaida; fungua madirisha, washa moto mdogo mara kadhaa. Harufu ya vumbi mwanzoni mwa msimu, hali kadhalika. Harufu ya plastiki au mpira unaoungua si ya kawaida hata siku moja: chomoa plagi, acha moto uishe, usiitumie feni hadi waya zikaguliwe. Na harufu kali inayokuja na moshi mweupe kutoka kwenye kasha la kutengenezwa mtaani huenda ni zinki. Mafundi wa jua kali wa Kamukunji wana mikono mizuri, lakini mwambie wazi akutengenezee kwa chuma cheusi kinene, si kwa mabati yenye zinki. Zinki ikipata moto mkali hutoa mvuke unaoumiza mapafu na kuleta homa, na bati jembamba litapinda kabla msimu haujaisha.

Dalili: Stima imepotea katikati ya moto

Kasha zuri huvumilia hili. Hewa itaendelea kupita kwa uzito wake, polepole. Lakini chuma kitapata moto zaidi ya kawaida, kwa hiyo usiongeze kuni, punguza hewa ya moto kiasi bila kuifunga, na usimwagie maji. Feni yenyewe ndiyo iliyo hatarini, kwani joto linapanda kwenye mota iliyosimama. Kama mtaa wako hupoteza stima mara kwa mara jioni, chagua feni ya kuchomolewa na kusogezwa, au ile inayozungushwa na joto. Inveta ndogo yenye betri pia inaiweza mzigo huo. Muulize muuzaji swali hili kabla ya kulipa: kasha lake limeruhusiwa na mtengenezaji kuwaka bila feni? Akisita, ondoka.

Kazi zisizo zako

Kuvuta waya mpya hadi kwenye meko ni kazi ya fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati. Waya wa karibu na kasha uwe wa aina inayohimili joto, uwe na waya wa ardhi, usipite chini ya zulia wala mbele ya mlango wa meko; ekstensheni iliyokunjwa nyuma ya kasha ni moto unaosubiri siku yake. Kufagia dohani iwe kila mwaka kabla ya Juni, na mapema zaidi ikiwa lami ya ndani imefika unene wa milimita 3. Ukisikia ngurumo kubwa ndani ya dohani wakati moto unawaka, au ukiona ndimi za moto kileleni, toeni watu nje na kuwaita wazima moto. Mwenye paa la makuti asingoje hata hiyo sauti, afunge wavu wa kuzuia cheche kileleni leo. Nyufa kwenye mawe, ukuta wa chumba cha jirani unaopata joto, au lami inayotiririka ukutani ni za fundi wa dohani, na moto usiwashwe hadi afike.

Fundi akimaliza kufunga feni, asiondoke kabla ya kujaribu mbele yako. Awashe moto, aache ukolee, afunge madirisha yote kama utakavyoyafunga Julai, kisha awashe feni kwa kasi ya juu huku akishika kijiti cha udi kinachofuka kando ya mlango wa kasha, kwenye viungo vyote na kwenye upenyo wa juu. Moshi wa udi ukivutwa kuelekea motoni, sawa. Ukisukumwa kuja kwako popote kuzunguka mlango, au ukinusa moshi wa kuni kwenye hewa inayotoka upenyo wa juu, azime feni, afungue kazi aliyoifanya na aanze upya kabla hujamlipa.